Mwaka Tulioitwa kwa Majina

Tulimzika Flora mchana wa jua kali, na jua lile lilinikosesha raha kuliko ambavyo mvua ingenikosesha. Nilikuwa nimezoea kumkumbuka katika ukungu. Msomaji wa wasifu wa marehemu, kijana wa kanisani mwenye sauti nzuri, alieleza alivyozaliwa Singida, alivyokuja Lushoto kusoma sekondari, alivyorudi baadaye kama mwalimu akaolewa hapa hapa, na kwaya zote alizoziongoza. Mwaka wetu wa kidato cha nne ulipita katika sentensi moja: alihitimu vizuri. Nilikuwa nimesimama na wenzangu wachache wa darasa lile kando ya mikaratusi, kila mmoja na kitenge chake kiunoni, magoti yakilalamikia mteremko wa makaburi, na sentensi ile iliposomwa hakuna aliyemtazama mwenzake. Rehema, ambaye zamani hakuweza kunyamaza hata wakati wa sala, alianza kukwangua udongo kwa ncha ya kiatu. Asnath alifumba macho. Hidaya alinishika kiwiko, akaniachia. Kisha kwaya ikaimba, sauti ya pili ikapwaya mahali ambapo Flora angeijaza, nami nikajua kwamba nikirudi Tanga nitakaa chini niandike habari za mwaka ule, maana tunaoujua tunapungua, na watoto wetu wanadhani tulikuwa wasichana wa kawaida tu, wa kufua Jumamosi na kuimba mchakamchaka alfajiri.

Tulikuwa hivyo pia. Shule ilikuwa juu ya mji, kwenye barabara inayopanda kuelekea msitu wa Magamba, na majengo yake ya katikati yalikuwa ya Wajerumani: kuta nene za mawe, madirisha marefu, mabati ambayo rangi yake nyekundu ilikuwa imebanduka. Bwalo letu la chakula lilikuwa ghala la shamba enzi hizo. Dari lake lilikuwa juu mno, hata kijiko kikianguka upande wa jikoni ulikisikia kikianguka tena upande wa mlango. Vioo vya madirisha vilivunjika kabla hatujazaliwa na hakuna aliyevirudishia, kwa hiyo miezi ya masika, ukungu ulipopanda kutoka bondeni saa za mchana, uliingia bwaloni bila hodi, ukapita juu ya meza, na wasichana waliokaa mwisho wakafutika mmoja mmoja huku wakiendelea kula. Ulisikia vijiko vyao. Ulisikia mtu akicheka. Watoto wa kidato cha kwanza waliona hivyo wakalia. Sisi tuliokomaa tuliendelea kugombea ukoko wa ugali. Maharage yetu yalikuwa na wadudu, kabichi ilikuwa ya kila siku, na furaha yetu kubwa ilikuwa peasi alizorudi nazo Hidaya kutoka kwao, upande wa Mtae, zimefungwa kwenye kanga, ngumu kama mawe. Tulizificha ndani ya matranka mpaka zilainike, na ikifika siku ya kuiva bweni zima lilinukia.

Hidaya alikuwa Msambaa, mtoto wa wakulima wa mboga, na aliongea kwa uchache, kama mtu anayeweka akiba. Asubuhi alisimama mlangoni, akanusa hewa, akasema, "Leo utakuja mapema." Hakutaja kitu gani. Ukungu ulikuja mapema. Rehema alikuwa kinyume chake kabisa: mtoto wa Tanga mjini, aliyeweza kumwigiza mwalimu yeyote mpaka kukohoa kwake, na mara moja alimwita matroni kwa sauti ya mkuu wa shule, mama wa watu akaacha ndoo akakimbilia ofisini. Asnath alikuwa kiranja mkuu, mrefu, mlokole wa kweli, aliyesali kwa nguvu hata walimu wakaona haya kuondoka kabla ya amina. Na Flora. Alikuwa mdogo wa umbo kiasi kwamba wageni walimdhania wa kidato cha kwanza, mpaka afungue mdomo kuimba; hapo watu waligeuka kutafuta hiyo sauti nzito imetoka kwa nani. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini yake. Kila asubuhi kabla ya kengele niliona mguu wake mmoja ukining'inia mbele ya uso wangu, mweupe kwa vumbi la jana, akimalizia usingizi. Mimi nilitoka Bulwa, kwenye mashamba ya chai, nikacheza netiboli, na nilikuwa na tabia ya kusikia kila lililosemwa bila kuonekana nasikiliza. Tabia hiyo ndiyo inayoniwezesha kuandika haya.

Ilianza mchana, bwaloni. Flora alisimama kuongoza wimbo wa shukrani kama kawaida yake. Aliimba ubeti wa kwanza, tukapokea, na ulipofika wa pili hakuanza. Aligeuza kichwa polepole kuelekea upande wa madirisha, kama mtu anayesemeshwa, kisha akasema, "Asnath." Nimejitahidi miaka mingi kutafuta namna ya kuieleza sauti ile. Haikuwa ya kutisha, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima asiye na haraka, anayemwita mtoto aliyecheza mbali arudi nyumbani maana giza linaingia. Asnath alisimama na kijiko mkononi. Flora akaanguka, visigino vyake vikagonga sakafu kwa mpigo wa sawasawa, na lile dari likaturudishia kila pigo. Alipozinduka aliomba maji, akauliza kwa nini tunamkodolea macho, akataka kujua kama ugali wake umeliwa. Tulicheka kwa kufarijika. Kesho yake asubuhi, paredini, Asnath alianguka kifudifudi akiwa anasoma matangazo, akapasua mdomo.

Baada ya hapo mambo yakawa na mpangilio wake, na ni mpangilio huo uliotuvunja mioyo. Flora alianguka, lakini kabla ya kuanguka alitaja jina, na aliyetajwa hakumaliza siku ya pili akiwa amesimama. Wengine walianguka darasani, mwingine mtoni tunakochota maji, mwingine akiwa amepiga magoti msalani anasugua sakafu. Daktari aliyeletwa kutoka mjini aliwapima, akagawa vidonge vyeupe, akasema ni msongo wa mtihani na upungufu wa damu. Padri alikuja akanyunyiza maji, na shehe akaja akasoma, na tulimwona padri akimsubiri shehe amalize ili washuke wote mjini kwa gari moja, wakiongea kwa sauti ya chini kama watu waliotoka kumwona mgonjwa asiyepona. Mkuu wa shule, mwanamke mkavu, mwenye miwani mizito, alipiga marufuku neno mapepo. Tukaacha kulitumia. Tulisema "kile kitu." Siku moja nilikuwa naosha sufuria nyuma ya jiko nikamsikia matroni akimwambia mwalimu wa zamu, "Mbona hakitaji wa kidato cha tatu? Wala wa pili? Ni darasa hili tu." Mwalimu akageukia mlango. Matroni akasema, "Kinawafahamu, mwalimu. Kinawaita kama anayewalea."

Watu wakiniuliza jinsi wasichana wengi hivyo walivyoweza kuendelea na masomo, nashindwa kuwaeleza kwamba tuliendelea kwa sababu hapakuwa na lingine la kufanya. Tulipalilia viazi vya shule. Tulifanya mdahalo kama mjini ni bora kuliko kijijini, na upande wa kijijini ukashinda. Asnath alifundisha wadogo katekisimu akiwa na nyuzi mdomoni. Mazoezi ya kwaya hayakusimama hata wiki moja, na Flora aliendelea kuyaongoza, akituonya kwa upole tunapokosea, na katikati ya wimbo wote tulikuwa tukitazama midomo yake tuone kama itafungwa mahali pasipotakiwa. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kuogopa. "Mnaniangaliaje hivyo?" aliniuliza jioni moja akisuka nywele zangu. "Kwani nawaita mabaya?" Nilimwambia hapana. Vidole vyake vilikuwa na joto, vya kawaida, na nilikaa nikiwa nimekaza shingo mpaka alipomaliza.

Halafu ikaja siku ya jina langu. Ukungu ulikuwa umeingia kiasi kwamba sikuiona meza iliyofuata. Flora alikuwa amekaa, hajasimama kuimba wala nini, anachambua wadudu kwenye maharage, akainua uso akasema, "Twilumba." Akaanguka pembeni, kichwa kikatua miguuni pa matroni aliyekuwa akipita. Bwalo lote lilisubiri mtu ashtuke. Watu waligeuka, wakatazamana, wakaulizana, "Nani huyo? Nani Twilumba?" Nilikuwa nimeshika kijiko na nikaendelea kukishika. Shuleni niliandikishwa kwa jina la Agnes, na nyumbani Bulwa waliniita hilo hilo. Ni bibi yangu mzaa baba, Mbena wa Njombe, aliyenipa jina lake, na ni yeye peke yake aliyelitumia, nilipopelekwa kwake utotoni. Aliitamka silabi ya kwanza kwa kuivuta na ile ya mwisho kwa kuiangusha. Alikuwa amekufa kabla sijaanza sekondari. Sikupata kumtajia mtu jina lile pale shuleni. Hata sikuwa nalifikiria. Flora alilitamka kwa kuivuta silabi ya kwanza na kuiangusha ya mwisho.

Kesho yake hakuna aliyeanguka. Wala siku iliyofuata. Mngedhani tulishukuru, lakini ilikuwa kama mtu amebisha hodi akasimama mlangoni kimya, na sisi ndani tunajua bado yupo. Flora hakutaja jina jingine. Rehema, kwa kuwa hofu yake ilikuwa ikitokea kwa mlango wa mzaha, alianza kujificha nyuma ya milango na kuita, "Twiluumba!" kwa ile sauti, na kwa kuwa alikuwa fundi wa sauti aliipata hasa. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili msichana mmoja alijikojolea, na Rehema akaacha, akawa hasemi kitu, akatembea akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja kana kwamba kuna kitu humo kinaweza kutoka chenyewe. Mimi nilikuwa nikila, nikisoma, nikicheza netiboli, na ndani nikishikilia mwili wangu kama unavyoshikilia ndoo iliyojaa. Niliamini kwamba nikikiri jina lile kwa mdomo wangu, palepale ardhi itanijia.

Wenzangu walihitaji mwenye jina, na wakamtafuta. Jina halikuwa la Kiswahili, halikuwa la Biblia wala la Kurani, basi litakuwa la huku huku milimani. Na mwenyeji wa huku katika darasa letu aliyekuwa mkimya, anayejua ukungu unakuja lini, na ambaye babu yake alijulikana kwa dawa, alikuwa mmoja. Walimzunguka Hidaya bwenini baada ya vipindi. "Lina maana gani?" Asnath alimuuliza. Hidaya akasema, "Sijui. Si Kishambaa hilo." "Unadanganya." "Nidanganye nini? Nendeni mkamwulize mpishi, naye ni Msambaa." Walifungua tranka lake. Ndani, chini ya peasi, walikuta kifurushi cha mizizi, dawa ya chango aliyopewa na mama yake kwa maumivu ya kila mwezi, na hapo hata waliokuwa wakisitasita walinyamaza. Nilikuwepo. Niliwaambia ni dawa ya tumbo, hata mimi nimewahi kuinywa, na Asnath akanigeukia, uso wake ukiwa na huruma kweli, akasema, "Agnes, mpenzi, kama umeinywa basi tukuombee." Ujumbe ukaenda ofisini: ama Hidaya aondoke, ama darasa zima halitalala tena bwenini. Mkuu wa shule alizuia kadiri alivyoweza. Mwishowe alisema Hidaya aende nyumbani apumzike, atarudi siku za mtihani.

Sisi sote tulijua maana yake. Wasichana waliokwenda kupumzika hawakurudi. Ulikutana nao baadaye sokoni Lukozi, mtoto mgongoni, beseni la karoti kichwani, wakikusalimia kwa kukwepesha macho. Na Hidaya ndiye aliyekuwa na akili kuliko sote katika hesabu. Saa za mchana nilimwona amekaa barazani pa ofisi juu ya tranka lake, akisubiri lori la mboga limbebe, sare amevaa, mikono imewekwa magotini kama mtu anayepigwa picha. Hakulia. Aliponiona alisema, "Chukua peasi zilizobaki. Zile za chini ndizo zitaiva kwanza." Nikampita, nikaingia ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una nini tena?"

"Yule Twilumba ni mimi."

Alivua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, yamechoka. "Wewe ni Agnes."

"Ni jina la bibi yangu, mwalimu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiniita hivyo, naye alishafariki. Hidaya halijui. Hakuna anayelijua hapa."

"Hukumwambia Flora?"

"Sikumwambia mtu."

Alinitazama muda mrefu, na nikaona alikuwa akitumaini kwamba ninamdanganya. "Kwa nini umeniambia sasa?"

"Lori linakuja."

Alisimama akafunga dirisha, ingawa kioo chake kimoja hakikuwepo. "Unaogopa?" aliniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hata mimi," alisema. Ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kuniambia hivyo, na nadhani sikuwa msichana yule yule baada ya kusikia. Kisha akavaa miwani yake, akamwambia mhudumu agonge kengele ya paredi.

Walipanga mistari kwenye uwanja, wakishangaa kuitwa saa ile. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka upande wa misonobari, umeshaimeza bustani. Mkuu alisimama kando yangu, karibu kuliko desturi yake. Nilisema kwa sauti ambayo nilitaka ifike mstari wa mwisho: "Jina la Twilumba ni langu. Nilipewa na bibi yangu. Hidaya hahusiki." Nikasubiri. Nilikuwa nimechagua hata mahali pa kuangukia, palipokuwa na nyasi. Nilisikia mbali kabisa hondohondo akipiga kelele msituni, nikaona Flora mstari wa mbele akinitazama kwa makini, kichwa amekiinamisha upande, kama anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Wasichana waliokuwa karibu yangu walirudi nyuma, kwanza mmoja, kisha wote, bila kuambizana. Mtu akanong'ona, "Mbona haanguki?" Na mwingine akajibu, "Kimeshaingia. Kwa nini aanguke?"

Sikuanguka. Siku ile sikuanguka, wala baada yake, na tangu paredi ile hakuna mwingine aliyeanguka hadi tunamaliza shule. Flora hakuita tena. Padri alisema ni sala, daktari alisema ni vidonge. Wenzangu walikuwa na maelezo yao, na waliyaonyesha kwa adabu: bwaloni walinipakulia kwanza, mtoni walinipisha nichote kwanza, na hakuna aliyekula tena kwenye sahani moja nami. Walivuta vitanda vyao mbali na changu. Flora alibaki pale juu, na Hidaya, ambaye tranka lake lilirudishwa kutoka barazani, alihamishia kitanda chake ubavuni mwangu bila kuomba ruhusa. Kila nilipofumbua macho nilimwona. Ukiishi miezi ukiogopwa na watu unaowapenda, unajifunza mambo. Nilijifunza kutembea taratibu ili nisimshtue mtu. Nilijifunza kukohoa kabla ya kuingia chumbani. Baadaye nilipokuwa muuguzi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, wakubwa wangu walinisifu kwa upole wangu na wakataka kujua nilifundishwa chuo gani. Siku ya mahafali tulipigwa picha mbele ya bwalo. Ninayo hadi leo. Darasa zima limebanana bega kwa bega likitabasamu, na mwishoni kuna pengo, na baada ya pengo tuko mimi na Hidaya. Mtihani tulifaulu. Hidaya alikuwa wa kwanza katika hesabu mkoa mzima, akawa mwalimu, akafundisha mpaka akastaafu.

Mwaka jana, niliposikia kwamba Flora anaumwa, nilipanda Lushoto kumwona. Alikuwa amekonda, amerudia udogo wake wa shule, amekalishwa dirishani juani akiwa na shuka la Kimasai mabegani. Wajukuu walikuwa wakicheza nje. Tuliongea habari za miguu, presha, watoto wasiopiga simu. Nilikuwa nimeapa sitamuuliza, na sikumuuliza. Ni yeye aliyesema, "Agi, unajua mimi sikumbuki kuanguka hata mara moja? Nakumbuka kabla yake tu. Nakukumbuka wewe."

"Mimi?"

"Nilikuwa nalala juu yako. Tangu shule ilipofunguliwa, kabla ya mambo yote yale, ulikuwa unaita usingizini. Unaita watu. Jina la Asnath lilikuwa la kwanza. Sauti haikuwa yako, ilikuwa ya mama mtu mzima, nikadhani matroni ameingia. Nikachungulia. Ulikuwa umelala chali, macho wazi." Alipumzika kidogo apate pumzi. "Ukawa unarudia rudia jina moja, lile la bibi yako. Sikujua ni lako mpaka siku uliposema pale uwanjani. Yale niliyoyaita mimi, nadhani yalikuwa yameshajaa masikioni."

Muuguzi ndani yangu alifurahi, lazima niseme. Hayo yana maelezo. Msichana amechoka, analala nusu, anasikia majina usiku, mchana yanamtoka. Wengine wana hofu, wanasubiri waanguke, wanaanguka. Nimeyaona wodini. Nilikuwa karibu kumwambia hivyo, nimpe faraja, lakini swali lingine likanitoka kwanza. "Kwa nini hukuniamsha?"

Flora alinitazama kwa kichwa kilichoinama upande. "Nilikuwa nasubiri nisikie nani ataitika," alisema.

Sikumwona tena akiwa hai. Baada ya mazishi watu walitawanyika; Asnath na Rehema walikuwa na gari la kuwahi Mombo, na tulikumbatiana kwenye kona ya barabara, Asnath akinishika muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mdomo wake wenye kovu ukiwa sikioni mwangu. Mimi nilikwenda kulala kwa Hidaya, karibu na Magamba. Ni mjane kama mimi. Chumba cha wageni alikuwa ameshakiandaa, lakini nilimwomba nilale chumbani kwake, nikamweleza aliyoniambia Flora. Nilimwambia mume wangu alikuwa mtu wa usingizi mzito, kwamba tangu afe nalala peke yangu, kwamba kwa maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia kama ninaongea. Alivuta kitanda cha mjukuu wake, akakiweka ubavuni mwa chake.

Asubuhi nilimkuta jikoni akimenya viazi. Chai ya maziwa ilikuwa tayari, nje mbega wakinguruma upande wa msituni, na ukungu umesimama mlangoni, mweupe kabisa. Nilikaa kwenye kigoda.

"Nimeongea?"

Hidaya alinimiminia chai kwanza, akaijaza mpaka ukingoni, na kwa jinsi alivyokuwa mwangalifu nilishajua.

"Umeongea."

"Nimemwita nani?"

"Hukuita," alisema. "Umeitika. Umesema abee. Kwa sauti ya mtoto kabisa, Agnes, mpaka nikafikiri ni mjukuu wangu amerudi. Kisha ukakaa kitandani, ukashusha miguu, kama anayetafuta ndala."

Nilikishika kikombe kwa mikono miwili. Hatimaye nilimwuliza kama nilionekana kuogopa.

"Hapana," alisema Hidaya, akachukua kiazi kingine. "Ulikuwa unatabasamu. Mimi ndiye niliyeogopa. Nilikushika mkono mpaka kukakucha."